Wanangu, Temeni Kabla ya Kuingia Wodini

Wanangu wauguzi, najua mtakachosema kabla sijafika mbali. Mtasema glavu zinatolewa kwa kuhesabiwa, wodi imejaa mpaka sakafuni na usiku mzima imeachiwa muuguzi mmoja, posho za zamu hazijalipwa, halafu mstaafu huyu anakuja kutuuliza tunatafuna nini. Mna haki ya kusema hivyo. Nami nimezeekea katika upungufu huohuo na sijausahau. Lakini nitasema tena, maana kila nikienda kumjulia hali mgonjwa nalikuta jambo lilelile palepale nilipoliacha: sista kasimama kando ya kitanda, mkono uko kwenye dripu, macho yako kwenye faili, na taya linapanda na kushuka.

Bigijii, jojo, chingamu, kila mtu aiite anavyoiita, haifai kutafunwa mbele ya mgonjwa. Ukiwa kwenye chumba cha chai, umenawa, umekaa kitako, tafuna mpaka utamu uishe. Hayo ni mapumziko yako na hakuna wa kukuingilia. Ukishavuka mlango wa wodi, ukawa mahali ambapo mgonjwa anaweza kukuona, kukusikia au kuguswa na mkono wako, kinywa chako nacho kimeingia kazini.

Jaribuni kulala pale wanapolala wao. Aliyelala chali haoni mengi: dari, feni, chandarua kilichofungwa fundo juu ya kitanda, chupa ya dripu, na uso wako. Vile vingine havibadiliki. Uso wako ndio unaobadilika, kwa hiyo ndio anaousoma. Asubuhi anausoma ajue kama hali yake ni ileile ya jana. Daktari akimaliza raundi kwa maneno asiyoyaelewa, macho ya mgonjwa yanahamia kwako. Akikuuliza, "Sista, majibu yangu yametoka?", hasubiri ufungue mdomo, ameshaanza kulitafuta jibu usoni pako. Sasa uso huo unapotafuna, hasemi moyoni kwamba sista amechoka, wala kwamba sista hajatia kitu tumboni tangu jana. Anasema sista hanijali. Pengine anakosea kabisa. Pengine wewe ndiye uliyehangaika alfajiri kumtafutia chupa ya damu mpaka ikapatikana. Lakini hayo hakuyaona. Alichokiona ni taya.

Na wapo wanaouhitaji mdomo wako kuliko wengine. Mzee ambaye masikio yamepungua hutazama midomo ili apate nusu ya maneno yaliyompita. Kiziwi anayesoma midomo hawezi kabisa kuyatenga maneno yako na mitafuno yako. Ukimwambia vidonge viwili asubuhi na kimoja jioni huku unatafuna, ataondoka na dozi aliyoibuni mwenyewe. Yupo aliyekatazwa kula na kunywa tangu usiku wa manane kwa sababu ya upasuaji, kisha orodha ya thieta ikasogezwa mpaka alasiri. Midomo imemkauka, nawe unamwinamia kumpima joto na harufu ya mnanaa inatangulia kumfikia. Na yupo mwenye saratani ya umio, ugonjwa unaopatikana sana katika ukanda wetu huu wa Afrika Mashariki. Huyo hata mate yake mwenyewe yanamshinda kumeza. Amekuja akiwa na uji mwepesi kwenye chupa, anaupitisha tone kwa tone. Kutafuna, kwake, ni neema iliyoondoka. Usimsimamie kitandani ukiifanya mchezo.

Zipo saa ambazo hata wale wanaonibishia hunyamaza. Mtoto amezaliwa hakulia. Mmemkausha, mmempa hewa kwa begi na barakoa, mmeangalia saa ukutani, mmeangaliana, na sasa lazima mtu aende akamwambie mama. Nilimwona mkunga hodari akienda kulisema hilo na bigijii ikiwa kinywani. Hakuwa na moyo mbaya hata kidogo. Aliisahau tu, kwa kuwa anayetafuna tangu alfajiri hajui tena kama anatafuna. Maneno yake yalikuwa mazuri, ya taratibu, ya mtu aliyekomaa katika kazi. Yule mama hakuyasikia. Aliutazama mdomo, kisha akageuza uso ukutani.

Hapo ndipo ninapotaka mnisikilize kwa makini zaidi. Mtaniambia, "Mama, kwenye jambo zito tutaitema." Hamtaitema. Jambo zito halipigi hodi wodini. Linakukuta unabadilisha shuka, unaandika kwenye daftari la ripoti, unamtania mgonjwa wa kitanda cha jirani, na kufumba na kufumbua umeshika mkono wa mtu anayekata roho. Akili yako yote imekwenda kwake, na taya limebaki likifanya lililozoea. Ndugu wanaingia mbio, wanakukuta hivyo. Watasahau majina ya dawa zote mlizompa marehemu wao. Hilo hawatalisahau, watalisimulia msibani, na litatembea kutoka msiba hadi msiba likiwa na jina la hospitali. Kwa hiyo mahali pa kutemea ni mlangoni, kabla ya yote, wakati bado unakumbuka kwamba unatafuna.

Sisi wa pwani hatukuanza jana kutafuna. Bibi yangu alikuwa mtu wa tambuu: popoo, katu, chokaa, kijaluba chake hakimtoki kiunoni. Lakini akienda kumjulia hali mgonjwa alikiacha nyumbani, akasukutua, akajifunga kanga safi, ndipo akatoka. Hakuwa na cheti cha uuguzi. Alijua tu kwamba aliyelala mahututi hastahili kutazamwa na mtu aliye katikati ya starehe yake. Sisi tuliosoma mpaka tukala kiapo tusiwe nyuma ya bibi yule.

Niyaache ya adabu kidogo, maana wapo wasioguswa na adabu ila huguswa na vipimo. Weka kidole mbele kabisa ya tundu la sikio, kisha tafuna. Unasikia mfupa unacheza? Hapo ndipo taya linapokutana na fuvu, na hapo hapo ndipo unapochomeka stetoskopu. Kila mtafuno unaingia masikioni kabla ya sauti unayoitafuta. Nayo sauti unayoitafuta ni nyepesi. Mlio wa damu chini ya mkanda wa presha, alioueleza daktari Mrusi Nikolai Korotkoff mwaka 1905, unaanza kwa pigo dogo na kupotea kimyakimya, na wewe unatakiwa kukamata mwanzo na mwisho wake. Kwa mama mjamzito, 140 kwa 90 ndiyo mpaka. Chini kidogo anapewa tarehe ya kliniki anarudi nyumbani. Akifika hapo, lazima afuatiliwe, mkojo upimwe protini, aulizwe kama kichwa kinamgonga na kama anaona maluweluwe, kabla kifafa cha mimba hakijamwangusha njiani. Ukikosea nukta chache kwa sababu masikio yako yalikuwa na kelele zako mwenyewe, nani atajua? Hakuna. Kitajulikana kifafa.

Mkunga ana mzigo mkubwa zaidi. Fetoskopu ya Pinard, ile pembe iliyobuniwa Ufaransa mwaka 1895, bado ndiyo tegemeo katika zahanati zetu nyingi. Haina betri wala kioo. Ina sikio lako tu. Moyo wa mtoto aliye tumboni hupiga mara 110 hadi 160 kwa dakika, nawe unahesabu dakika nzima, hasa pale uchungu unapoachia, uone kama mapigo yanarudi au yanazorota. Mama kashika ukingo wa kitanda, wodi ina makelele, feni inalia. Hayo huwezi kuyazima. La kwako unaweza.

Sasa mikono. Bigijii haiingii kinywani yenyewe. Unaitoa mfukoni kwa vidole, unaibandua karatasi kwa vidole, na mfuko wenyewe ndimo zinamokaa kalamu, plasta, mkasi na ufunguo wa kabati la dawa. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2009, lilitupa nyakati tano za kusafisha mikono: kabla ya kumgusa mgonjwa, kabla ya kazi inayotaka usafi wa hali ya juu, baada ya kukutana na damu au majimaji ya mwili, baada ya kumgusa mgonjwa, na baada ya kugusa vitu vilivyomzunguka. Mmezikariri, zimebandikwa juu ya sinki. Niambieni basi, anayetia jojo mpya kinywani katikati ya raundi ya sindano amenawa mara ngapi, kabla na baada? Ninyi mnajua jibu. Marekani wana kanuni ya mwaka 1991 inayokataza kula, kunywa, kuvuta sigara na hata kupaka rangi ya mdomo mahali ambapo mfanyakazi anaweza kukutana na damu, na kanuni hiyo iliwekwa kumlinda mfanyakazi mwenyewe. Nalisema hili kwa wale wanaodhani nawahurumia wagonjwa peke yao. Kidole kilichotoka kwenye kidonda kikaenda mdomoni kinakudhuru wewe kwanza, kisha mtoto wako unayembusu ukifika nyumbani.

Na mate nayo si maji. Mwaka huohuo wa 1905, Chicago, daktari mwanamke aitwaye Alice Hamilton alichunguza vijidudu vinavyorushwa na vinywa vya wagonjwa wa homa nyekundu wanapokohoa na kulia, akavikuta vipo ingawa macho hayaoni kitu. Akayachunguza na mate ya madaktari na wauguzi. Akashauri wanaofanya upasuaji wafunike vinywa vyao, wauguzi wakiwemo. Miaka zaidi ya mia moja baadaye, mwongozo wa kinga wa Marekani wa mwaka 2007 uliagiza barakoa kwa kila anayeingiza sindano kwenye uti wa mgongo, kwa sababu walikuwepo watu waliopata homa ya uti wa mgongo kutokana na vijidudu vya kinywani. Vya kinywani mwa nani? Mwa mhudumu aliyewainamia. Kutafuna kazi yake ni kuongeza mate. Anayefungua kidonda cha moto, anayetia kanula kwa kichanga, anayebadilisha gozi la aliyepasuliwa tumbo, huku akiongea na kutafuna kwa pamoja, anafanya lile lile Alice Hamilton alilotuonya nalo. Msiniambie mmevaa barakoa. Taya likicheza, barakoa inateremka puani, na mkono unapanda kuivuta, mara kumi kwa zamu moja, na glavu ni zilezile.

Kuhusu bigijii zinakoishia sitasema mengi. Zamani ilikuwa utomvu wa mti wa Amerika ya Kati, ambao Thomas Adams wa New York aliugeuza biashara katika miaka ya 1870. Siku hizi sehemu kubwa ni mpira wa kiwandani ambao hauyeyuki wala hauozi. Piteni mkono chini ya meza ya ripoti, mtajua.

Nimewasikiliza pia wanaotafuna kwa sababu, na sababu zao sizidharau. Wapo wanaotafuna kwa ajili ya harufu. Mguu wa mgonjwa wa kisukari uliooza, kidonda cha mgongo cha aliyelala muda mrefu bila kugeuzwa, saratani ya mlango wa kizazi iliyochelewa: hakuna aliyezaliwa na pua ya kuvumilia hayo, na kichefuchefu si dhambi. Lakini mgonjwa naye anainusa harufu yake, usiku na mchana, na anakuvizia aone kama utakunja uso. Vaeni barakoa mbili, pakeni ndani yake dawa ya kuchua yenye mnanaa kiasi cha kugusa tu, fungueni dirisha, muwe wawili ili mmoja akizidiwa atoke kwa utulivu. Kisha ombeni dawa ya kupunguza harufu ya kidonda; madaktari wanaijua, vidonge vya metronidazo vilivyosagwa vimewarudishia wagonjwa wengi heshima yao mbele ya ndugu. Hapo mmemsaidia na yeye. Bigijii ilikuwa inakusaidia wewe peke yako.

Wapo wanaotafuna wasinuke mdomo, kwa kumstahi mgonjwa wanayemwinamia. Hao nawapenda, na kwao nina maneno machache: mswaki mdogo kwenye pochi, maji ya kunywa kila unapopata nafasi, sukutua baada ya chai.

Na wapo wanaotafuna kwa usingizi na njaa. Hawa ndio wengi, na hapa sauti yangu inageuka, inawaacha ninyi, inawaendea wakubwa wenu. Jeshi la Marekani lilikuwa likiwapa askari wake bigijii pamoja na chakula cha vitani, ili vinywa visikauke na macho yasifumbe. Muuguzi wa zamu ya usiku anayetafuna tangu saa nne mpaka alfajiri anafanya alichofanya askari yule, kwa sababu ileile: amechoka na hakuna wa kumpokea. Mwenye njaa hana miiko, walisema wazee. Matroni unayemfokea binti wa watu kwa jojo, je, unajua alikula nini tangu aingie saa mbili usiku? Kuna chai? Kuna mahali pa kukaa nusu saa na mtu wa kushika wodi akiwa amekaa? Nimeona hospitali ambako kuna bango la kukataza kutafuna lakini hakuna birika. Hiyo si haki, na katazo la namna hiyo halitiiwi hata likiandikwa kwa herufi nyekundu. Anayetaka vinywa vitulie wodini aweke kikombe cha uji kwenye chumba cha zamu. Gharama yake ni ndogo kuliko karatasi za barua za onyo.

Hata hivyo, wanangu, msikae kusubiri birika ndipo mtengeneze tabia. Florence Nightingale, katika kitabu chake cha mwaka 1859 kuhusu uuguzi, aliweka sura nzima ya kelele. Alilalamikia magauni yanayochakarika, viatu vinavyolia, funguo zinazogongana kiunoni, akisema vitu hivyo vinamdhuru mgonjwa. Wakati ule, hospitali zilikuwa na majitaka chini ya sakafu na askari wakifa kwa kuhara, naye alikuwa ameyapigania hayo makubwa akiwa Scutari tangu mwaka 1854. Hakuona kwamba ukubwa wa hayo unayafuta haya madogo. Alijua aliyedhoofika hana ngozi ya kuzuia chochote; kila sauti inamwingia. Ule mlio wa bigijii inayopasuliwa kwa ulimi saa tisa usiku, ambao wewe huusikii tena, yupo aliyekuwa ndiyo kwanza anashikwa na usingizi.

Na msije mkadhani nina chuki na kitu chenyewe. Kuna mahali wodini ambapo bigijii ni tiba. Mama akitoka kwenye upasuaji wa kujifungua, matumbo yake hulala. Hajambi, tumbo linajaa, anasikia maumivu na hawezi kula vizuri. Tafiti zimeonyesha kwamba akitafuna bigijii mapema, matumbo huamka saa kadhaa kabla ya yale ya asiyetafuna. Ubongo unadhani chakula kinakuja, unapeleka habari chini kwa mishipa ya fahamu, na utumbo unaanza kazi. Ni dawa ya bei ndogo, inauzwa kioski cha getini. Ulizeni madaktari wenu kama mama wa kitanda kile anaruhusiwa, hakikisheni yuko macho sawasawa asije akapaliwa, kisha mpeni yeye atafune, nanyi mkae kando muulize mara kwa mara kama upepo umetoka.

Jambo la mwisho ni namna ya kuambiana. Mkimwona mwenzenu anatafuna kwenye kitanda cha mtu, msimkaripie pale. Mgonjwa akiona muuguzi wake anafedheheshwa, anaingiwa na hofu ya nani atamhudumia usiku. Mwiteni pembeni, mwambieni kwa sauti ya chini, "Dada, kinywa," au "Kaka, kinywa," basi. Akikasirika, mwacheni amalize hasira, mwambieni tena kesho. Mkubwa wenu akiwa ndiye anayetafuna, asubiriwe raundi iishe, aambiwe kwa heshima zote akiwa peke yake. Mkubwa mwema atashukuru. Wanafunzi wa mazoezi wanawaiga ninyi kuliko wanavyomsikiliza mwalimu wao darasani, na mimi siwezi tena kuja kuwasimamia.

Zamu ya usiku inapokelewa saa mbili. Fikeni robo saa kabla. Chukua karatasi, tema, ifunge vizuri, itupe kwenye ndoo ya taka za kawaida. Sukutua, nawa mikono kwa sabuni mpaka viwiko, kisha ingia upokee ripoti kitanda kwa kitanda, na kila utakapofika umwite mgonjwa kwa jina lake.